Daftari la Zamu

Hadubini ni moja. Sisi, idara sita.
Kwa hiyo kuna daftari,
jalada lake limelowa chai ya mtu asiyekiri.

Jumatatu, saa mbili: Mideva, wa kifafa.
Saa nne: wale wa malaria iliyopanda kichwani.
Saa nane: Otonglo, na panya wake wasiolala.
Jina la Profesa limeandikwa kwa wino mwekundu
juu ya jina la mwanafunzi lililofutwa.
Nimelirudisha la mwanafunzi.
Mimi ndiye mshika ufunguo,
na sina cheo cha kuogopa kupoteza.

Kazi yangu ni kukata.
Ubongo uliogandishwa ukoje? watu huuliza.
Kama siagi, nawaambia, asubuhi ya Kericho.
Wembe unapita, unavua utando
mwembamba kuliko ganda la kitunguu,
nauopoa majini kwa ncha ya brashi,
naulaza kiooni, namwita mwenye macho ya kusoma.
"Naona mti," alisema Mideva siku ya kwanza,
"umepigwa radi, na bado una matawi."

Kisanduku cha arobaini na moja si cha panya.
Ni mwalimu wa hesabu, kutoka Ahero,
aliyesahau kwanza jedwali la saba,
kisha majina ya watoto,
kisha kijiko ni cha nini.
Mkewe, Pilista, alitia sahihi polepole,
akaniuliza mimi, si daktari:
"Kitakuwa cha nani?"
Nikamwonyesha daftari.
Akasoma majina yote, kidole kikishuka mstari kwa mstari
kama anayesahihisha mazoezi ya darasa la mumewe.
"Basi msigombane."

Tuligombana, mwezi uo huo.

Juzi Kisumu nzima ikazimika saa tatu usiku.
Jenereta ikakohoa, ikanyamaza.
Dizeli ilikuwa zamu ya nani?
Daftari halikusema.
Friji kuu ikaanza kulia:
themanini chini ya sufuri,
sabini na nne,
sabini na moja.
Nikapiga simu sita.
Wakaja, wengine na kandambili,
Profesa na dumu alilofyonza kwenye gari lake,
mdomo ukinuka mafuta,
Otonglo na barafu ya wauza mbuta wa Dunga,
ina magamba bado.
Barafu ya samaki haiifai friji ile.
Sikumwambia. Niliipokea kwa mikono miwili.
"Mtu asifungue mlango," nikasema,
tukakaa sakafuni, migongo imeuegemea,
tukisikiliza tarakimu.

Bomba lilikuwa limemeza hewa;
saa kumi ndipo jenereta ikaunguruma.

Saa mbili ilikuwa zamu ya Mideva. Hakwenda kulala.
Nikamkatia cha arobaini na moja.
Akainama, akakaa kimya mpaka chai ikapoa.
"Mti?" nikauliza.
"Hapana. Shamba, ng'ombe wakishapita."
Akaandika tarehe.

Nje Otonglo alikuwa akimwaga maji ya barafu,
na paka wa bewa zima
walikuwa wamekwisha kufika.