Maharage Ndani ya Blanketi

Jumamosi usiku naloweka maharage.
Kilo moja na nusu, ya njano.
Yanalala majini kama nilalavyo mimi:
hoi.

Asubuhi nayachemsha dakika ishirini tu,
nayaepua yakiwa bado yana kiburi,
naiviringishia sufuria blanketi la Ngollo
(lile la utotoni, lenye simba wa jicho moja),
naizamisha kapuni, mto juu yake,
naenda kanisani.
Mkaa umezimwa. Yanaiva yenyewe gizani
huku mimi naimba sauti ya pili.

Kiwandani tunahesabiwa minofu.
Sangara anakuja, kisu kinapita, sangara anakwenda,
saa nane za kusimama kwenye maji ya barafu,
na Masalu msimamizi na saa yake ya mkononi.
Jioni napanda Bugarika, vidato mia na kumi na vinne vya mawe.
Nimevihesabu; kuhesabu ni ugonjwa wa kazi.
Ukifika juu, ukakuta kitunguu kinakungoja na maganda yake,
unaweza kukaa chini ukakiangalia tu.

Kwa hiyo vya wiki nzima navikata Jumapili,
nalia mara moja badala ya mara saba.
Nyanya nazikaanga hadi mafuta yajitenge,
nazifungia kwenye makopo ya siagi.
Tangawizi na kitunguu saumu natwanga pamoja,
nagandisha kwenye vibao vya barafu:
kipande kimoja, chakula kimoja cha usiku.
Friji si yangu. Ni ya Mama Tungaraza,
namlipa mia tano kwa wiki, kona ya chini kushoto.
Mapanki nanunua kwa Leokadia yakiwa yamekwisha kukaangwa:
mafuta yake, moto wake, jasho lake,
mimi naongeza ndimu na kujisifu.

Usiniulize dakika hizo nazipeleka wapi.
Naloweka miguu.
Ngollo ananisomea daftari lake la jiografia,
nasinzia kwenye mito na milima.

Mwezi wa pili akaja mama mkwe, Bi Nkwimba,
kutoka Magu, na gunia.
Alilitazama kapu kama anayetazama jeneza la kuku.
"Chakula hupikwa na mtu," alisema, "si na blanketi."
Akafungua kopo, akanusa.
"Mchuzi huu una siku ngapi?"
"Tatu, mama."
"Siku ya tatu? Mpe jembe akalime."

Nilicheka. Nilinuna pia, usiku, kichwa ukutani.

Alhamisi Masalu alituzuia hadi saa tatu.
Umeme ulikuwa umekatika tangu juzi,
kona yangu ya friji imekuwa supu.
Nilipanda vidato nikitunga uongo wa kumwambia mtoto.
Mlangoni, harufu tamu.
Bi Nkwimba alikuwa amefungua gunia:
michembe, imechemka, imetiwa karanga,
na Ngollo alikwisha kula akalala na sare ya shule.

Nikala kwanza. Halafu nikauliza:
"Mama, viazi hivi vilikatwa lini?"
"Mwezi wa saba. Tulivianika pale jabalini."
"Basi vina siku ngapi?"

Akaanza kuhesabu vidole. Vikamwishia.
Akatazama vya kwangu, vyenye makovu ya kisu,
akacheka hadi kitenge kikamfunguka.
"Nilikuwa na wanane," alisema, "na pamba ya kupalilia.
Ulidhani nilikuwa nachimba kiazi kila jioni?"

Jumatatu alirudi Magu.
Aliniachia gunia nusu.
Blanketi sikuliona,
wala simba wake.

Sasa sufuria naivisha sweta langu la zamani
na khanga mbili juu.
Maharage yanachelewa kidogo, kama nusu saa.
Juzi alipiga simu, hakusalimia hata:
"Hivi ulisema dakika ishirini,
au ishirini na tano?"