Uso wa Pili

Wa kwanza niliuchora wiki tatu:
bluu ya barafu, akrabu ya sekunde nyekundu kama kichwa cha kiberiti,
mapigo ya moyo pembeni, hatua, nyuzi za baridi.
Ukiinua mkono, unawaka.
Ukiushusha, kioo kinasinzia.

Wa pili ni wa huko kusinzia.
Huo niliuchora Ijumaa jioni, koti nimeshalivaa.
Kanuni zake ni za bahili:
cheusi kiwe cheusi kabisa, maana nukta isiyowaka haili betri;
zinazowaka zisizidi kumi katika mia;
sekunde ziondoke;
na kila dakika uso mzima usogee,
nukta moja kushoto, nukta moja juu,
kioo kisije kikaota sugu ya tarakimu ile ile.
Nikazichukua tarakimu zangu za bluu, nikazipaka kijivu.
Ukapita majaribio. Nikazima taa.

Tukampa Raimo Ylitalo, dereva wa gari la kusukuma theluji,
aivae saa mwezi mmoja.
Oulu, Januari: jua linachomoza saa nne,
saa tisa limeshachoka.

Akarudi na ripoti, kaiandika nyuma ya risiti ya dizeli:
"Huo wa bluu nimeuona mara mbili.
Wa kijivu ndio ninaoishi nao.
Nimeshika usukani saa nane mfululizo, siinui mkono,
natupia jicho tu.
Na nane yako ni tatu."

Nane yangu. Tatu.
Nikaona haya ya mtu aliyepamba sebule
na wageni wote wakapitia jikoni.

Nikaanza upya, safari hii kutoka gizani.
Nikapanua matundu mawili ya nane.
Tatu nikaiacha mdomo wazi, kama mtu anayepiga miayo.
Nikaondoa tarehe. Nikaondoa hata jina la kampuni;
Pirjo, bosi wangu, alinyamaza kitambo, akachezea kikombe,
kisha akasema, haya.
Zikabaki tarakimu nne na giza jingi,
na giza lenyewe nililipima kwa rula.

Jana alfajiri gari la theluji lilipita chini ya dirisha langu,
taa ya njano ikizunguka darini.
Sikujua kama ni yeye.

Hajaleta risiti nyingine. Kwa Raimo, hiyo ni sifa.
Ule wa bluu bado upo.
Mkewe anasema unapendeza sana.