Mzani wa Mbale

Mchana napima kahawa,
usiku napima watu:
daftari la sataranji, klabu yetu ya Mbale,
ghorofa ya pili, juu ya duka la saruji.

Kahawa naielewa. Gunia la alfajiri,
lenye umande wa Wanale,
likifika saa tisa limepungua kilo mbili.
Mkulima anajua, nami najua, tunanyamaziana.

Lakini huyu Gidudu, elfu moja mia tisa na kumi,
alama zote kazichuma kwa wenzake watano wa bwenini,
wakizungushiana ushindi kama sahani ya karanga.
Na Khainza, elfu moja mia sita,
hajagusa kete tangu mapacha wazaliwe;
namba yake imeganda
kama picha ya kitambulisho: shingo ile, macho yale,
mwenyewe keshahama usoni.

Jumamosi akapanda ngazi Wamimbi, fundi wa breki,
mikono ina grisi, jina halimo daftarini.
Nikamwandikia sifuri.
Nilikosea. Sifuri nayo ni namba.

Hatua ya ishirini na tatu, farasi wake
akasimama katikati ya Gidudu
na usingizi wa wiki nzima.

Wakanigeukia wote: "Sasa Wamimbi ni ngapi?"
Mchezo mmoja!
Punje moja kwenye mzani wa magunia,
mshale hata haujatikisika.

Nikachukua penseli, si kalamu.
Nikafuta sifuri, nikaweka alama ya kuuliza,
na chini yake, kwa herufi ndogo:
arudi Jumamosi.