Nazi ya Nyumba

Karani kanipa fomu, na kalamu iliyofungwa kwa uzi.
Jina: Naw Paw Wah. Umri: arobaini na mmoja.
Dini: hapo nafasi ni finyu,
haifiki urefu wa kidole gumba.
Nimemwambia nitairudisha kesho.

Nilizaliwa Mawlamyine, Jumatano, mvua ikinyesha.
Mama hakukumbuka kama ni kabla ya adhuhuri au baada,
na hilo si dogo, maana Jumatano yetu ina pande mbili:
asubuhi ni ya tembo mwenye pembe,
alasiri ni ya tembo asiye na pembe.
Basi kule pagodani, mlimani,
viatu mkononi, vigae vikituunguza nyayo,
Mama alinipeleka kwanza kwa tembo wa asubuhi.
Nikamwogesha Buddha wa kona ile
vikombe sawasawa na miaka yangu, na kimoja cha ziada.
Kisha tukazunguka hadi kona ya pili,
nikaanza upya kuhesabu.
"Afadhali umwage mara mbili," alisema,
"kuliko kungojewa mahali usipokwenda."

Jumapili ilikuwa zamu ya Baba,
shemasi Saw Htoo Ler, shati jeupe hadi kifungo cha shingo,
besi yake ikitetemesha vioo vya kanisa la Wabaptisti.
Alisema Mungu wetu ana wivu.
Nami, wa miaka saba, nikamwonea Mungu huruma.
Wivu niliujua. Nina dada.

Na nyumbani, kwenye nguzo ya kusini mashariki,
ilining'inia nazi,
nazi nzima na kikonyo chake, kilemba chekundu kichwani
kama babu anayeumwa kipandauso.
Humo alikaa mwenye nyumba.
Si sisi. Sisi tulipanga tu.
Aliuawa kwa moto zamani za wafalme,
hadi leo hapendi joto,
ndiyo maana tunamhifadhi katika maji yasiyoona jua.
Baba alipita chini ya nazi ile miaka thelathini
na hakuiona hata siku moja.
Alikuwa na kipaji hicho.
Aliinamisha kichwa tu akipita, kwa sababu, alisema,
yeye ni mrefu.
Hakuwa mrefu.

Usiku mmoja mafuta ya moto yalimrukia mkononi.
Mama hakuuliza mtu. Aliitungua nazi, akaipiga panga,
akammiminia maji yake pole pole
juu ya ngozi iliyokwisha kuvimba.
Baba alinyamaza mpaka tone la mwisho.
Ndipo akasema, "Amina."
Sijui alikuwa akimwambia nani.

Sasa wote wawili hawapo.
Mama alisomewa na watawa, Baba akaimbiwa na kwaya,
mimi nimeachiwa nguzo.
Dada yangu Naw Kler anapiga simu kutoka Yangon:
"Kitupe hicho kitu. Mshika mbili, moja humponyoka."
Kweli. Ila mikono, dada, nimepewa miwili,
na hakuna aliyeniambia mmoja ni wa akiba.

Jana niliitikisa nazi. Haikulia.
Imekauka ndani, pengine tangu mazishi,
na mimi nimekuwa nikiinamia ganda.

Leo sokoni, muuzaji, midomo myekundu kwa tambuu,
ameninyanyulia moja, akauliza:
"Ya mchuzi au ya nyumba?"
Nimesimama. Nyuma yangu watu wakaguna.
Swali ni lile lile la karani,
ila huyu mama ameniachia nafasi ya kutosha.
"Ya nyumba," nimesema. Halafu: "Na ya mchuzi pia."

Nimepanda kiti, nimeifunga kilemba kipya,
na kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi
mdomo ukajichagulia wimbo wa Baba, ubeti wa tatu,
ule ambao waumini wengi huurukia.
Kilemba kimekaa upande.
Fomu iko mkobani, imelowa pembeni kwa maji ya samaki.

Kesho ni Jumatano.
Asubuhi nina nafasi.
Alasiri pia.