Karani wa Vifo

Wamempa mama mkali.
Ndilo la kwanza nililoliona uani mwa ngome,
shuka nyeupe ukutani, mashine ikikoroma,
na mwanamke ambaye sikumwandika
anamchapa mtoto kwa mkanda wa ngozi, mvua inanyesha.
Kitabuni mwangu hapakuwa na mkanda.
Hapakuwa hata na mvua.

Kitabuni alikuwa karani tu wa vizazi na vifo,
apangaye kalamu kwa urefu,
asemaye "pole" na kumaanisha.
Nilimpa kiti changu. Miaka tisa nilikikalia
nikiandika vyeti vya wafu wa kisiwa hiki,
na siku moja, sijawahi kumwambia mtu,
alikuja bwana kuandikisha kifo cha nduguye,
akakosea herufi za jina la marehemu mara mbili,
nami nikaona jinsi jina lake yeye
lingekaa vizuri kwenye mstari unaofuata.
Basi. Hapo ndipo Karani alipozaliwa.
Si kwa mkanda. Kwa mstari mtupu.

Mwelekezi alinipigia simu, mpole kama muuza bima:
"Watazamaji watataka kujua kwa nini."
Nikamwambia kurasa sitini nimezunguka humo kichwani mwake,
na kila mlango niliofungua nikakuta chumba kimefagiwa.
"Chumba kilichofagiwa hakina picha," akasema.
Kweli. Kamera haiingii kichwani.
Husimama nje ya jicho, ikaagiza ngoma zilie.

Nyuma yangu Bi Tima wa viazi karai akashusha pumzi:
"Masikini! Kumbe alidhulumiwa udogoni."
Ua mzima ukaguna kwa huruma,
na ndani ya huruma ile nikasikia kitu kingine,
raha ya mtu aliyeambiwa
homa ni ya nyumba ya pili.
Na Fundi Shekuwe, pale kwenye ngazi,
aliyechapwa na babake hadi kiwiko kikapinda?
Kuku tu hachinji. Humwita jirani,
kisha huenda kusimama mbali.

Mwanakheri alikaa safu ya mbele, buibui jipya,
kumtazama mwanawe Twalibu akiwa Karani.
Mkanda ulipopanda mara ya tatu akainuka.
Twalibu akamkimbilia hadi mlangoni:
"Mama, ni sinema."
"Naiyua ni sinema. Na hawa?
Kesho ndiani wataniangaliaje?"
Viatu vyake vikasikika mpaka kona ya soko.

Sinema ikaendelea. Akafa wa nne.
Nikasema hivyo hivyo, kimoyomoyo: wa nne.
Yule aliyeacha maziwa jikoni yakifura.
Maziwa nilimpa mimi, na moto, na nusu ukurasa.
Jina sikumpa.
Nimewakasirikia watu wa picha kwa mama wa kubuni,
na Karani wangu, apendaye majina kuliko uhai,
asingemwacha mtu daftarini bila jina.
Aliyemwacha ni mimi.

Usiku, pambizoni mwa nakala yangu,
mkono ukarudia tenzi nilizofunzwa chuoni:

Muuaji ana jina,
ana mama, ana shina,
waliokufa hapana,
wamebaki hesabuni.

Kisha nikatafuta la kumwita.
Khuzaima? Aliyekuwa na jina hilo
aliwahi kufika dirishani kwangu, amebebwa karatasini.
Nikalifuta. Mwanamize? Hai, na ni shangazi yangu.
Nikapita mtaa mzima hivyo, nyumba hadi nyumba,
nikimpima kila mwanamke kwenye nafasi ile,
yupi ataingia, yupi atazidi ukingo,
mpaka nikagundua ninachofanya,
na kwamba nilikuwa ninakifurahia.

Nikafunga kitabu.
Kalamu nikairudisha kwa wenzake.
Ndefu huwa kushoto.