Sare

Jumapili saa nane, Kibo kajifunika.
Ndeoya yuko mkekani tangu kabla ya chakula
na amepata rani kumi na moja.
Kumi na moja! anacheka kijana wa bodaboda
nje ya ua wa michongoma, injini inanguruma.
Nani anaongoza? Namwambia: Arusha, kwa mbali.
Sasa nyie mnatafuta nini?
Tunatafuta jua lizame.

Mimi ndiye mwenye daftari.
Mpira usiozaa kitu naandika nukta.
Leo penseli imekuwa butu mara mbili,
nukta sita, ova, nukta sita, ova,
kama mtu anayepanda ulezi punje kwa punje.
Tukifungwa, tunabaki huku chini
na timu zinazofika na watu tisa
zikaazima wa kumi kwetu.
Tukitoka sare, Moshi inapanda daraja la kwanza:
viwanja vyenye majani,
choo chenye maji.

Ila kwenye mkoba wa katibu, Bwana Virdee, kuna barua.
Ameikunja na kuikunjua mpaka imechanika kati.
Msimu ujao, madaraja yote, ova ishirini tu.
Saa tatu, watu warudi makwao.
Mechi ya siku mbili ni gharama, wanasema:
malazi, wali, mpira wa pili.
Sibishi. Mpira mmoja ni bei ya majogoo wawili,
na mwaka jana tulipoteza sita upande wa stesheni.
Vijana hajawaambia. Kanionyesha mimi,
labda kwa sababu daftari halina mdomo.
Nami nahesabu wanavyopanda ngazi
ya nyumba inayoezuliwa.

Saa kumi na moja wiketi ya tisa inaanguka.
Anaingia Ombeni,
aliyetoka ibada ya pili mbio,
tai bado inachungulia mfukoni.
Tangu azaliwe hajamaliza ova tatu.
Yule mrefu wa Arusha anarusha, mpira unagonga kidole,
Ombeni anakinyonya, anarudi kusimama.
Ndeoya anamwendea polepole,
njiani anapigilia msumari wa mkeka kwa gongo lake,
anamnong'oneza kitu.
(Baadaye nilimuuliza. Alimwambia:
usitazame ubao, tazama mshono.)

Nukta.
Nukta.
Mmoja unapita juu ya wiketi, unywele tu,
mkono wangu unaruka na mstari unapinda.
Sitaufuta.
Nukta.
Mchezo gani mwingine unampa mtu jioni nzima
ya kutokufanya kosa?
Kwenye ova ishirini Ndeoya angekuwa ametukanwa,
angekaa benchi akishika chupa za maji.

Mwamuzi anaondoa vijiti.
Hakuna anayeruka. Ombeni anachuchumaa,
anatazama kidole kana kwamba ni cha mtu mwingine.
Imeishaje? anauliza yule wa bodaboda.
Hatukufungwa.
Siku mbili?
Siku mbili.
Ndipo nagundua injini yake ilishazimwa,
sijui tangu saa ngapi.

Mkeka wa katani unakunjwa na watu wanane.
Ukiuharakisha unavunjika mgongo.
Bwana Virdee ameshika kona yake, mkoba begani,
anasema: taratibu, jamani, taratibu.
Daftari lina kurasa arobaini tupu.
Nachonga penseli.