Kongwe

Mwarobaini aliupanda marehemu Athumani
mwaka tuliohamia Ganjoni, mche wa kimo cha goti.
Sasa umeunywa ua mzima.
Chini yake vumbi na mawe ya matumbawe,
na kivuli kikavu kama koo la mwenye saumu.

Nimejaribu. Nimeua maua mengi katika ua huu.
Nyasi za kununuliwa Nyali
zilikuja zimekunjwa kama mikeka ya msikitini,
zikakaa siku tisa, zikageuka rangi ya kamba.
Asumini ikanisusia.
Maji ya mkokoteni, kila mtungi kwa pesa,
mti uliyafyonza kabla sijarudisha kopo.

Feisal akapiga simu kutoka Doha:
"Mama, tia kabro. Ufagie, upumzike."
Akatuma na fundi, Mwachiro wa Kinango,
akaupima ua kwa utepe, akalipima na shina,
akauliza mti unakatwa lini.
Nikamwambia: kunywa chai kwanza.

Ni yeye aliyeiona, akiwa na kikombe mkononi,
nyuma ya karo, pale ninapomwaga maji ya udhu:
kijani kinachotambaa, hakikualikwa na mtu.
"Hii kwetu twalishia sungura."

Kongwe. Kumi na mmoja miaka naing'oa,
naitupa kule ukutani.
Na kule ukutani, nilipokwenda kutazama,
imeshika.

Basi sikiliza, nawe mwenye mti usioweza kuukata:
chukua kipande cha shibiri,
fukia vifundo viwili, kanyaga kwa kisigino.
Wiki ya kwanza kinyweshe, hata kwa maji ya kuoshea mchele.
Majani ya mwarobaini usiyafagie, ndiyo blanketi lake.
Kisha kisahau. Kinapenda kusahauliwa.

Kiangazi hujikunyata, ukadhani imekufa.
Mvua ya kwanza ikidondoka, kila kifundo kinakumbuka.

Ua lake ni buluu, dogo kama kifungo cha kanzu,
hufunguka alfajiri, adhuhuri limejikunja.
Halina harufu. Athumani angelidharau.
Mimi nalihesabu nikitoka kuswali:
jana kumi na saba, leo nilikatizwa na simu.

"Mama, fundi kafika wapi?"

Kabro zimelala langoni, paka kazifanya kitanda.
Nikamwambia mwanangu:
"Kafika shinani. Anakwenda polepole,
lakini harudi nyuma.
Wiki ijayo, inshallah, atageukia ngazi."